Masaa manne ya kungojea Lubumbashi



Juma hili hatuandiki juu ya homa ya watoto wala juu ya feza ya masomo. Tunaandika juu ya masaa. Kila mama wa kwetu anaijua safari ya Lubumbashi ya siku moja: kutoka nyumbani jua halijachomoza, kilometa kama 120 za njia, malori ya madini mbele na nyuma, kufika, kununua kitu ama kutafuta karatasi, kisha kurudi. Na kila mama anajua kwamba ndani ya safari hiyo kuna kungojea. Karani anasema, "Mrudi mchana." Mwenye duka anasema mzigo bado haujafika. Bisi haitoki mpaka ijae. Masaa mawili, matatu, manne yanapita, nasi tumekaa juu ya mizigo yetu kwenye parking, tunakula mikate na kulalamika.

Siku moja, katika muziki wetu, tulimuuliza mama mmoja mkubwa ameona nini Lubumbashi. Ni mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, na alifika mji ule mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati ungali unaitwa Elisabethville. Alifikiri kidogo, akasema: "Soko na parking." Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, maana jibu letu sote lilikuwa lile lile.

Juma lililopita tulikwenda wanne: huyo mama mkubwa, mama mmoja muuza mafuta ya mawese, dada mmoja ambaye bado ananyonyesha, na sisi tunaoandika ukurasa huu. Kazi zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kununua vikwembe vya kundi kwa siku ya wanawake, tarehe 8 Machi. Ya pili, karatasi ya dada yetu kwenye ofisi moja. Vikwembe tulipata upesi. Kwenye ofisi walituambia saa nne ya asubuhi kwamba mwenye kutia sahihi hayupo, turudi saa nane. Masaa manne, basi. Miguu yetu ikaanza yenyewe kuelekea parking.

Mama mkubwa ndiye aliyesimama. Akasema: "Leo sikai tena juu ya mizigo. Mwalimu, wewe umesoma. Tupeleke mahali."

Hapo tuliona haya. Tulisoma pedagogia, tunafundisha historia mwaka wa kumi sasa, na kila mwaka tunachora ubaoni msalaba wa shaba wa zamani, ule uliowekwa hata kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Watoto wanauchora kwenye daftari. Lakini sisi wenyewe hatujapata kuona hata mmoja kwa macho. Tulijua tu kwamba iko katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Miaka yote hiyo tulipita mjini, hatukuingia, kwa sababu moyoni tulifikiri nyumba ile ni ya Wazungu, ya wanafunzi wa iniversite na ya watu wenye viatu vizuri.

Mama wa mafuta hakukubali. Alisema wazi: "Feza ya kuingia pale ni chupa ya mafuta. Mimi nitakula nini, sanamu?" Tusimlaumu. Kila mama anayesoma hapa anajua hesabu ile. Alichukua mizigo yetu, akarudi kukaa karibu na ofisi kutushikia nafasi kwenye mstari. Tunaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila yeye tusingeweza kwenda tukiwa na mikono mitupu na roho tulivu.

Sisi watatu tuliuliza njia. Tulipita mbele ya katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, ile ya matofali mekundu, tukaingia dakika kumi mtoto anyonye kwenye baridi. Tulipita jengo wanaloliita 30 Juin. Lilijengwa miaka ya 1950 kuwa teatro, na baadaye likawa nyumba ya wadepite wa jimbo. Pale tulificha telefone zetu. Wamama, mlikumbuke jambo hili: majengo ya serikali hayapigwi picha kwetu, na picha moja inaweza kula feza yote ya kurudi nyumbani.

Kwenye makumbusho hakuna aliyetazama viatu vyetu. Tuliuliza bei mlangoni, tukalipa, tukaingia. Kuna sanamu za miti, vinyago, ngoma, vyungu. Dada yetu alisimama mbele ya viti vya Waluba, vile ambavyo mwanamke wa mti anabeba mfalme juu ya kichwa chake. Akasema polepole, "Kumbe tangu zamani." Hakueleza zaidi, nasi tulielewa.

Halafu tukafika kwenye shaba.

Msalaba si kama tulivyouchora. Mikono yake ni minene, inapanuka kwenye ncha, na mingine ni mikubwa kuliko tulivyofikiri. Hii ndiyo ilikuwa feza na mali ya watu wa nchi yetu muda mrefu kabla ya franka: ililipa mahari, ililipa deni, ilisafiri mbali na wafanya biashara. Wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, wakakuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na watu. Katika makaburi ya nyakati za baadaye misalaba inakuwa midogo, na inafanana kwa kipimo. Wenye elimu wanasema hiyo ni alama kwamba kitu cha heshima kilikuwa kimegeuka feza ya kuhesabu. Zote hizo ni karne nyingi kabla ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906.

Mama mkubwa alikaa mbele ya kioo, hakusogea. Tulifikiri amechoka. Alipofungua kinywa alisema: "Mume wangu alitengeneza shaba Shituru miaka yote ya ndoa yetu. Mimi nilifua kaputula zake zilizoliwa na asidi. Nilijua shaba imekuja na Wazungu, nasi tuliitwa tu kuja kufanya kazi." Akanyamaza. Kisha: "Hakuna aliyeniambia."

Wamama, maneno hayo yalituchoma sisi walimu. Ni kweli, hakuna aliyemwambia, na kazi ya kusema ilikuwa yetu.

Basi tulikaa naye, tukamweleza tunayoyajua. Wazee wa nchi hii walikuwa na kazi ya shaba iliyopangwa vizuri. Kazi ya mashamba ikiisha na mvua ikikatika, chifu alitangaza, watu wakaondoka kwenda kwenye milima ya madini. Walisema wanakwenda kula shaba, kama sisi tunavyosema mtu anakula mshahara wake, na ndiyo sababu waliitwa walaji wa shaba. Wanaume walichimba kwa vyuma vyao. Wamama na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyachagua. Halafu mafundi waliyeyusha mawe hayo katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala na mivuto ya ngozi, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Mama aliposikia habari ya wanawake walioyachagua mawe, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile: "Basi tulikuwepo!"

Saa saba tulitoka. Mvua ilitunyeshea njiani. Saa nane tulikuwa kwenye mstari, na mama wa mafuta alikuwa ametushikia nafasi ya tatu. Karatasi ilitoka saa tisa na nusu. Njiani kurudi mama mkubwa alimsimulia yote, mpaka watu wa bisi wakaanza kusikiliza na kuuliza. Mama wa mafuta hakusema kwamba alikosea, wala hakukosea. Aliuliza tu: "Mtoto analipa nusu?"

Siku iliyofuata darasani tulifuta msalaba wa zamani ubaoni, tukauchora upya kama tulivyouona. Msichana mmoja, ambaye siku nyingine tunamkosa kwa sababu anasaidia nyumbani kuosha mawe mtoni, akainua mkono: "Mwalimu, basi mama yangu anafanya kazi ya wazee?" Tulisita. Jibu tulilompa ni hili: kazi ya mama yako ni ya zamani na ina heshima, wala usiione haya. Lakini wazee hao walikuwa na ujuzi, na ujuzi walifundishwa. Wewe mtoto, mahali pa kupata ujuzi wako ni kwenye benchi hii, si majini. Tunawaachia wamama jibu hilo walipime.

Sasa tuje kwenye mambo ya mikono, maana ukurasa huu hauwezi kwisha bila hayo. Mkipata masaa ya kungojea Lubumbashi, fanyeni hivi.

Malizeni kwanza kazi iliyowapeleka, ama mjue kwa hakika saa ya kurudi. Mtu mwenye wasiwasi haoni kitu.

Chagueni mahali pamoja tu, si patatu. Kama ni watu wazima, makumbusho. Kama mna watoto wadogo, bustani ya wanyama: mtoto aliyeona mamba mwenyewe atawasimulia mwezi mzima, na kwa kusimulia anajifunza lugha. Kama ni vijana wa kiume wasiotaka kusikia habari za makumbusho, wapitisheni Kamalondo waone stade ya TP Mazembe, iliyofunguliwa mwaka 2011, mwambie pia kwamba timu ile ilizaliwa mwaka 1939 na ilifika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010. Hiyo pia ni historia.

Ulizeni bei kabla ya kuingia, na saa ya kufunga. Bebeni chakula chenu: mihogo ya kuchemsha, karanga, maji. Chakula cha mjini ndicho kinachomaliza feza, si mlango wa makumbusho.

Mizigo isiwafuate. Mmoja abaki nayo, na safari nyingine abaki mwingine. Anayebaki si mtu wa chini. Na kama mama amechoka, anataka tu kukaa chini ya mti na kufumba macho, mwacheni akae. Kupumzika pia ni kutumia saa vizuri.

Msipitishe jioni. Njia ya kurudi ina malori mengi, na usiku si wakati wake. Ni heri kuacha kitu bila kukiona kuliko kuacha watoto yatima.

Mwisho, msirudi na mdomo mtupu. Usiku ule, kwenye bukari na sombe, simulieni. Mume akiuliza kwa nini mlikwenda kutembea, mwambieni mliyoyaona, kwa utaratibu. Baba wa nyumba moja, ambaye alianza kwa kununa, alimaliza kwa kutoa habari za baba yake mwenyewe kwenye tanuru za Panda, habari ambazo watoto wake hawakuwa wamezisikia hata siku moja.

Na ninyi msiofika Lubumbashi, msione kwamba ukurasa huu hauwahusu. Masaa ya kungojea yapo hata hapa, tukishuka mjini Likasi kwa ajili ya soko ama hospitali. Tembeeni na mtoto mpaka stesheni, mwonyesheni reli, mwambieni inakotoka na inakokwenda na ilikuwa inabeba nini. Kama hamjui, muulizeni mzee wa kwanza mtakayemkuta amekaa pale. Atafurahi kuulizwa.

Kwa mkutano wa juma lijalo tunaomba kila kundi lifanye mambo mawili. La kwanza: kila mama aulize nyumbani mtu mmoja mzee, shaba ilianza wapi, na alete jibu. La pili: tuzungumze kama tunaweza kutoa kidogo kidogo katika muziki, wakati wa likizo ya Pasaka tupeleke watoto kumi na wawili. Mama wa mafuta amekwisha kutoa ya kwake. Alisema ni ya mtoto wake, lakini yeye mwenyewe atawasindikiza, na safari hii mizigo itabaki na mtu mwingine.