Tumbo lisilopona: tusikimbilie kusema karuho



Katika kambi zetu za Masisi na Walikale, mtu akiugua tumbo miezi na miezi, akakonda hata nguo zikampwaya, neno la kwanza linalosikika ni "karuho". Jamaa wanachanga fedha, wanampeleka kwa mfumu atapishwe hiyo sumu. Anarudi amedhoofika zaidi, na fedha zimekwisha. Tunasema wazi: desturi hiyo inapoteza watu ambao wangeweza kutunzwa.

Moja ya magonjwa yanayofichwa na neno hilo ni uvimbe wa kudumu wa kongosho. Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Kinatoa maji ya kusaga chakula, tena kinatoa insulini inayotawala sukari katika damu. Kikivimba mara kwa mara, kinafanya makovu, pengine na mawe ndani.

Dalili zake ni hizi: maumivu juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, hasa baada ya kula; choo chenye mafuta na harufu kali; kukonda; na baadaye ugonjwa wa sukari.

Pombe na tumbako ndizo sababu kubwa. Lakini usimcheke kila mgonjwa ukimwita mlevi. Mwaka 1960 Daktari A. G. Shaper wa Kampala, Uganda, aliandika juu ya ugonjwa wa kongosho pamoja na upungufu wa chakula cha kujenga mwili. Wengine wanaurithi katika ukoo.

Je, unatibika? Makovu hayafutiki. Lakini maumivu yanaweza kupunguzwa, na mtu akarudi kazini.

Kwanza: acha kabisa kanyanga, kasiksi, bia na sigara. Dawa hii haina bei, na bila hiyo nyingine zote zinafanya kazi nusu. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake. Amwone muganga, maana anaweza kupatwa na degedege.

Pili: kula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Maharagi, mayai na sambaza vinajenga mwili. Muganga akikupa vidonge vya enzimu, vimeze pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, umevitupa.

Tatu: kwa maumivu, muganga huanza na parasetamoli. Tramadoli ni kwa amri yake tu. Inaleta usingizi na mazoea mabaya. Anayeimeza asishike mashine wala kuingia shimoni, kwa usalama wake na wa wenzake.

Nne: sukari ikipanda, kuna insulini. Mama, angalia sana: mgonjwa huyu akidunga insulini asipokula, sukari inashuka upesi, naye anaweza kuzimia. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, mpe maji ya sukari mara moja, maadamu anaweza kumeza.

Tano: mawe yakiziba mfereji wa kongosho, kuna upasuaji wa kuufungua na kuuunga na utumbo. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 88, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya maumivu zaidi kuliko waliotibiwa kwanza kwa mpira unaopitishwa mdomoni. Anayengojea miaka akimeza tramadoli anapunguza bahati yake.

Kwa hiyo rai yetu ni moja: nenda mapema. Anza kwenye kituo cha afya, omba upimwe sukari na ufanyiwe ekografi. Nanyi viongozi wa kazi, mgonjwa akiandikiwa kuhamishwa Goma, msiikalie karatasi yake. Njia zetu hukatwa na mvua, hukatwa na vita. Siku moja ya kuchelewa yaweza kuwa mwezi mzima.

Fedha mnazochanga kwa ajili ya mfumu, zichangeni kwa safari ya hospitali.