Mvinyo wa pipa si dawa ya damu

Hivi karibuni nilikuwa Didia, mkoani Shinyanga, nyumbani kwa rafiki yangu ambaye mkwewe alikuwa amejifungua siku kumi zilizopita. Mezani palikuwa na chupa ya mvinyo wa Ulaya, zawadi ya kijana anayefanya kazi mgodini Geita. Mama mwenye nyumba alijaza glasi ya soda, akampelekea mzazi. “Kunywa mwanangu, upate damu,” alisema.

Niliomba kusoma lebo. Kilevi asilimia 18, umekaa miaka 10 kwenye mapipa ya mwaloni. Mwaloni huo si ule wa Kirumba, Mwanza, wanakouza samaki. Ni mti wa mbao ngumu.

Mvinyo wa namna hii, kama sheri ya Hispania, huongezewa pombe kali ya zabibu, kisha huachwa kwenye pipa kwa miaka mingi. Hewa hupenya polepole kwenye mbao, rangi ikawa kahawia inayoelekea wekundu, na harufu ikawa kama ya karanga za kukaanga. Kwa hiyo rangi ile aliyoiamini mama ni kazi ya hewa na mbao. Haiongezi damu hata tone.

Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi. Glasi ya soda ya mililita 250 ikijazwa mvinyo huu ina mililita 45, karibu sawa na bia mbili. Nani angempa mzazi wa siku kumi bia mbili akaziita dawa?

Pombe hiyo huingia kwenye maziwa ya mama na kumfikia mtoto. Pia huvuruga mwili unapotumia foliki asidi, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu. Mwenye upungufu wa damu apimwe kituo cha afya, ameze vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki, ale maharage, dagaa, nyama na mboga za majani pamoja na chungwa.

Je, chupa imwagwe? Sisemi hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa kwa afya. Lakini mtu mzima aliyeamua kunywa aufuate utaratibu wa mvinyo wenyewe: glasi ndogo, mililita 50 hadi 75, upoe kidogo, unywewe taratibu pamoja na chakula, hata karanga zetu zinaufaa. Chupa ifungwe vizuri na kurudishwa kabatini. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, dereva na anayetumia dawa kama metronidazo wasiuguse.

Ushauri huu unauhusu pia mvinyo mtamu tunaonunua dukani. Utamu huficha ukali, hivyo soma asilimia kwenye lebo kabla ya kumimina.

Simlaumu mama yule. Alitoa kilicho bora mezani kwake. Tulizungumza, akaiondoa glasi mwenyewe, akaleta bakuli la supu. Kesho yake mzazi alipelekwa kupima wingi wa damu. Hiyo ndiyo zawadi iliyomfaa.