Mitaro ya Marikiti na Kalenda ya Fedha

Mwenye kuijua Mombasa aijua Marikiti. Soko hilo lilijengwa mwaka wa 1914, likapewa jina la Mackinnon. Watu hawakujishughulisha na jina hilo. Walitwaa neno la Kiingereza la soko, wakaligeuza, na Marikiti ikawa Marikiti hata leo. Hapo ndipo nazi, ndizi, mboga na viungo vya wakulima wengi hufikia mnunuzi, na karibu yake upo mtaa wa Biashara pamoja na leso zake.

Masika yakishuka, bidhaa hizo zote huwa mashakani. Mwezi wa Mei peke yake Mombasa hupata mvua ipitayo milimita 200. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na palipokuwa na udongo wazi maji yalizama upesi. Siku hizi juu ni mabati na chini ni saruji na lami. Maji hayana pa kwenda ila mtaroni, na mtaro uliojaa maganda na takataka huyarudisha dukani. Tena nyumba nyingi za kisiwani hutumia makaro. Makaro yakifurika, maji machafu huchanganyika na ya mvua, na hapo hasara si ya gunia la viungo tu, bali ni ya tumbo la mtoto.

Mtaro huu ni wa nani? Katiba ya mwaka wa 2010 yasema wazi kwamba maji ya mvua katika sehemu zenye majengo ni kazi ya serikali ya kaunti. Basi tangu mwaka wa 2013 mzigo uliokuwa wa Baraza la Manispaa ni wa Kaunti ya Mombasa. Hata hivyo barabara nyingine za mjini zimo mikononi mwa Halmashauri ya Barabara za Mijini, na mtaro haujui mpaka wa ofisi. Mji wa Kale nao ulitangazwa mwaka wa 1990 kuwa eneo la kuhifadhiwa, kwa hiyo afikaye na sururu katika vichochoro vyake yapasa kwanza azungumze na watu wa Makumbusho.

Fedha za kaunti hutoka katika kodi ya viwanja, ushuru wa soko, leseni na maegesho ya magari, na pia katika fungu la Hazina Kuu, ambalo kaunti zote 47 hugawana na ambalo halipasi kupungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mikopo ya nje ipo. Unguja, kwa mfano, ilichimba mitaro mikubwa ya mvua kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka wa 2011. Lakini mpango wa Benki hiyo wa kuisaidia miji ya Kenya, ulioanza mwaka wa 2017, ulichukua kaunti 45 ukaziacha Nairobi na Mombasa. Marikiti haikuwa na budi kutazama mfuko wa nyumbani.

Mfuko huo una kalenda yake, nayo haifanani na kalenda ya mvua. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 yataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Makadirio yafike kabla ya Aprili 30. Yapitishwe kabla ya Juni 30. Na mwaka wa fedha uanze Julai 1. Mwenye duka aliyelowa mwezi wa Mei na afanye hesabu. Mtaro mpya anaoutaka huingia katika mpango wa Septemba ya mwaka ule ule, fedha zake hupitishwa Juni ya mwaka wa pili, kisha huja zabuni na idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Mambo yote yakienda sawa, atapita masika mengine mazima kabla ya kuona maji yakishuka baharini.

Kusafisha ni jambo jingine, na ndilo husahauliwa. Sheria huitaka kaunti itenge asilimia 30 au zaidi kwa maendeleo, na mtaro mpya huhesabiwa humo. Tena hufunguliwa kwa utepe na picha. Kuuzoa mtaro wa zamani ni matumizi ya kawaida, yanayong'ang'ania fungu moja na mishahara. Hakuna aliyepata kukata utepe juu ya toroli la tope.

Mkulima haanzi kutafuta jembe mvua ikiwa imekwisha kunya. Kazi ya kuzoa tope ni ya Januari hadi Machi, wakati njia za Marikiti ni kavu na hakuna alalamikaye. Fedha zake lazima ziwe zimo katika makadirio yaliyopitishwa Juni iliyotangulia, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Aendaye huko kutoka wadi ya Mji wa Kale/Makadara hahitaji hotuba. Na aulize ni shilingi ngapi zimewekwa za kusafisha mitaro ya wadi yake, na kazi itaanza mwezi gani. Akiambiwa Mei, asikae chini.