Kanisa Kongwe Lataka Kuulizwa



Parokia kongwe ya kijijini inapotangaza siku ya milango wazi, sisi huenda kwa furaha. Tunapanda lori, tunaimba njia nzima, tunapiga picha mbele ya mnara wa kengele, tunakula pamoja chini ya miti, na jioni tunarudi. Ni siku njema. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba ziara ya namna hiyo haijatimia. Mwenye kutazama kuta asiulize habari zake ameona matofali tu.

Yoshua, baada ya Waisraeli kuvuka Yordani, aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni na kusimamishwa, ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wawajibu. Kanisa kongwe nalo limesimama ili liulizwe.

Tuchukue mfano wa Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kalemie-Kirungu. Mwaka 1885, yaani miaka 86 kabla ya jimbo letu la Kolwezi kuundwa, Mapadri Weupe walikabidhiwa hapo kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na afisa Mbelgiji, Émile Storms. Kijana akiuliza vema, ataambiwa mambo mawili. La kwanza linauma: mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walimwua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. La pili linafariji: shuleni Mpala aliingia mtoto wa nchi hiyo, Stefano Kaoze, ambaye tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri na Askofu Victor Roelens huko Baudouinville, Moba ya leo, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Anayetaka habari ya pili bila ya kwanza anajidanganya. Anayeshika ya kwanza na kuitupa ya pili anamnyima Kaoze haki yake. Imani yetu haiogopi kusikia yote mawili.

Tena yako maswali ambayo vitabu havijibu. Nani alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akayachoma? Nani aliteka maji? Majina ya watu hao mara nyingi hayakuandikwa. Mwenyeheri Isidori Bakanja, aliyefariki mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko kwa sababu ya skapulari yake, naye aliwahi kuwa msaidizi wa waashi. Tunamjua leo kwa kuwa waliomwona waliulizwa, wakatoa ushuhuda.

Sisi wa Dilala tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Katika mji wetu jiwe huulizwa bei tu. Kule Kasulo, kobalti ilipogunduliwa mwaka 2014 chini ya makazi ya watu, mashimo yalichimbwa hata uani, na baadaye familia zikahamishwa. Familia zikihama, Jumuiya Hai hutawanyika, na mama aliyejua nani alianzisha sala mtaani huondoka na kumbukumbu yake. Hivyo parokia changa ya mjini yaweza kusahau asili yake upesi kuliko Mpala.

Wengine watasema kwamba vijana wanahitaji kazi, wala si historia. Kazi wanaihitaji kweli, nasi tunaidai pamoja nao. Lakini kijana anayejua babu yake alijenga nini hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba mikono yake yafaa kuchimba tu.

Basi rai yetu ni hii. Kabla ya ziara ijayo, kila kundi, liwe Kiro, Xaveri, Skauti au Kizito-Anuarite, lifungue kwanza milango ya nyumbani. Tuwaalike wazee, makatekista waliostaafu na mama wa kwaya. Tuwaulize nani alitoa kiwanja, misa ya kwanza ilisomwa wapi, matofali yalichomwa na nani. Tumwombe paroko atuonyeshe kitabu cha kwanza cha ubatizo. Majibu yaandikwe katika daftari, nalo litunzwe sakristia. Nayo yanayouma yaandikwe pia.

Mzee anayeweza kutujibu leo huenda mwakani asiwepo. Tuanze Jumapili hii, baada ya misa.