Kukandwa Si Anasa

Ukitaja masaji utaambiwa ni mambo ya watalii na wenye hela zao. Wanaosema hivyo zaidi ni watu ambao mama zao walikandwa siku walipozaliwa wao. Kauli hiyo ni ya uongo, na inaumiza watu.

Mtazame mzazi wa Unguja au Tanga ndani ya arobaini yake. Mkandaji huchovya kitambaa kwenye beseni la maji ya moto, akakikamua, akaupima moto wake kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo akaanza: tumbo, kiuno, mgongo. Mwisho mafuta ya nazi. Muulize mume, atakwambia anarudishwa tumbo. Hiyo ni nusu ya habari. Binti aliyekesha na kichanga anashikwa na mtu asiyemdai kitu. Kwa muda huo hanyonyeshi, hapokei wageni. Hapo ndipo anaposema asiyomwambia nesi: kwamba anaogopa, kwamba usiku analia na hajui analilia nini.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2004 Christopher Moyer na wenzake wawili walichambua tafiti 37, wakaona kukandwa kwa awamu kadhaa hupunguza wasiwasi na sonona kwa kiwango kinachokaribia kile cha tiba ya mazungumzo. Ngozi yetu ina neva zinazoitikia zaidi mguso wa taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde: mwendo wa kiganja kinachopaka mafuta bila pupa.

Sisemi sonona kali itibiwe kwa mafuta ya nazi. Anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali leo hii. Maji ya kubabua ngozi nayo ni ukatili, tusiyaite mila. Na vile vyumba vya mjini vinavyouza uhuni kwa jina la masaji, vifungwe. Visitunyang'anye kazi ya bibi zetu.

Wanaume ndio tumewanyima kabisa faraja hii. Mwanamume akiteguka mguu uwanjani, atachuliwa mbele za watu. Akifiwa, akiachishwa kazi, akikosa usingizi mwezi mzima, anaambiwa ajikaze.

Kliniki zinazompima mama presha na mtoto uzito ziongeze swali moja: nyumbani nani anakukanda? Wengi wanajifungulia mbali na mama na shangazi zao, kwenye chumba cha kupanga. Wakijibu "hakuna", jibu hilo liandikwe kwenye kadi kama inavyoandikwa presha, na muuguzi alifuatilie.