Mwalimu akiandika insha ya likizo

"Andika insha kuhusu jinsi ulivyoitumia likizo yako." Hakuna aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki ambaye hajakutana na sentensi hiyo katika wiki ya kwanza ya muhula. Watoto huinamia madaftari na safari zinaanza: huyu alikwenda kwa bibi kijijini, yule alipanda basi hadi Arusha, na yule ambaye hakutoka nyumbani hata siku moja anajibunia bibi wake, na ng'ombe watatu juu. Mwalimu anakusanya, anasahihisha kwa kalamu nyekundu, anatoa alama. Yeye mwenyewe likizo aliitumiaje, hakuna anayemuuliza.

Marekani wapo walimu walioamua kujiuliza. Kila kiangazi, shule zikifungwa, wanaandika vipande vifupi kuhusu siku zao za kawaida nyumbani, kisha wanasomeana. Wengine wanakutana ana kwa ana, wengine wanatumiana kwa simu. Si riwaya wala si ripoti. Ni nusu ukurasa, pengine aya mbili, kuhusu jambo moja dogo lililotokea siku hiyo: nyanya za kwanza bustanini, mtoto anayejifunza kuendesha gari, nguo zilizonyeshewa kwenye kamba.

Kiangazi chao ni Juni hadi Agosti, miezi ambayo mtu wa Njombe au Makete anatafuta sweta. Shule nyingine hufungwa mwishoni mwa Mei na kufunguliwa mapema Agosti, hasa majimbo ya kusini. Nyingine hufungwa Juni na kungoja hadi ipite sikukuu ya wafanyakazi, ambayo kwao ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Walimu wana utani wao kuhusu miezi hiyo. Juni ni Ijumaa jioni, Julai ni Jumamosi, na Agosti yote ni Jumapili ile inayoelekea magharibi huku mtu akiwaza kesho.

Jirani anayewaona asubuhi wakimwagilia maua hudhani wanalipwa kwa kukaa. Mambo sivyo yalivyo. Walimu wengi wa shule za umma kule wana mkataba wa miezi kumi hivi. Baadhi ya wilaya hugawa mshahara wa miezi hiyo katika mafungu kumi na mawili ili Julai isipite mifuko ikiwa mitupu. Pasipo na utaratibu huo, mwalimu anajiwekea akiba mwenyewe au anatafuta kibarua. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2015–16 zilionyesha kwamba takriban mwalimu mmoja kati ya sita alifanya kazi isiyo ya shule wakati wa kiangazi. Wapo wanaopaka rangi nyumba za watu, wanaouza dukani, wanaohudumia mezani hotelini. Mwalimu aliyebeba trei na ghafla akakutana na mzazi wa mwanafunzi wake ameketi meza namba nne ana jambo la kuandika usiku huo, atake asitake.

Raha nazo zipo, na nyingine zinachekesha. Kuna mada ambayo haikosekani katika vipande hivi: kunywa kahawa ikiwa bado ya moto, hadi tone la mwisho. Nyingine ni kwenda chooni pale unapohitaji, bila kungoja kengele. Mtu asiyefundisha anaweza kuona ni mzaha. Aliyewahi kusimama mbele ya watoto thelathini kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana anaelewa kwamba huo si mzaha hata kidogo.

Lakini yanayogusa zaidi ni yale ya ndani ya nyumba. Mwalimu wa sekondari kule anaweza kuwa na vipindi vitano kwa siku na wanafunzi zaidi ya mia moja, na kufikia Oktoba anajua majina yao wote, nani hali asubuhi, nani wazazi wake wameachana. Kisha Juni inafika, anaketi na mwanawe wa kumzaa, na anagundua hamjui rafiki yake mpya hata kwa jina. Au binti yake anaondoka Agosti kwenda chuo, na wiki hizo nane ndizo za mwisho atakazolala chumba cha pili kila usiku. Au mama yake mzazi, aliyekuwa akipigiwa simu Jumapili kwa Jumapili, ameanza kuuliza swali lilelile mara tatu ndani ya dakika kumi, na muhula mzima hakuna aliyeligundua kwa sababu simu zilikuwa fupi. Mambo hayo hayasubiri likizo ili yatokee. Likizo inampa mtu nafasi ya kuyaona, na kalamu inamzuia asiyapite.

Tabia hii ina historia yake. Kiangazi cha mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, James Gray, aliyekuwa amefundisha Kiingereza sekondari kabla ya kuanza kuandaa walimu, alianzisha na wenzake mradi wa uandishi wa eneo la ghuba ya San Francisco. Wakati huo malalamiko yalikuwa mengi kwamba vijana hawajui kuandika, na dawa iliyozoeleka ilikuwa kumleta mtaalamu awahutubie walimu siku moja kisha aondoke. Gray alikwenda njia nyingine. Aliwakusanya walimu wazuri wakati wa likizo, wafundishane wenyewe kwa wenyewe. Na alisisitiza jambo moja ambalo wengi hawakulitegemea: mwalimu wa uandishi naye aandike. Mradi huo ulikua ukawa wa taifa zima, ukafikia vituo karibu 200 katika vyuo vikuu. Mwaka 2011 serikali kuu iliondoa fedha ilizokuwa ikiutengea moja kwa moja. Vituo vingine vilifungwa, vingine vikabana matumizi na kuendelea.

Walimu waliopitia vikundi hivyo husimulia hofu ya siku ya kwanza. Mtu amesahihisha insha kwa miaka kumi na tano, lakini akiambiwa asome yake kwa sauti, mkono unatetemeka. Ndiyo maana pakawa na utaratibu wa kumlinda. Kabla ya kusoma, mwandishi anawaambia wenzake anachotaka kutoka kwao: wampe baraka tu, yaani wamwambie kilichowagusa na basi; au washughulikie jambo moja alilolitaja; au wambane kweli, waseme lolote wanaloliona. Uamuzi ni wake. Anayeandika kuhusu mazishi ya baba yake yaliyokuwa juzi huomba baraka, na hakuna wa kumrekebishia nukta na mkato. Ingefaa utaratibu huo ujulikane hata kwenye ndoa.

Mwingine aliyeacha alama ni Donald Murray wa Chuo Kikuu cha New Hampshire. Alikuwa mwandishi wa habari kwanza, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 kwa tahariri zake za gazeti la Boston Herald, ndipo akaingia kufundisha. Kitabu chake cha 1968 kuhusu namna mwandishi anavyofundisha kuandika kilisomwa na walimu kizazi baada ya kizazi, na aliwahimiza wanafunzi siku isipite bila mstari. Uzeeni alikuwa na safu katika Boston Globe, na humo hakuandika siasa. Aliandika kuhusu kuzeeka, kuhusu binti yake aliyefariki akiwa na miaka 20, kuhusu mkewe aliyeugua Parkinson. Aliendelea hadi alipofariki Desemba 2006, akiwa na miaka 82. Walimu waliomfuata walijifunza kwake kwamba jambo la jikoni linatosha kuandikiwa, mradi liandikwe kwa ukweli.

Hapo kwenye ukweli ndipo penye mtego, na familia ndiyo inayonaswa. Mume anayesoma kwamba ugomvi wa Jumanne kuhusu vyombo umesomwa na watu arobaini hatafurahi, hata kama umeandikwa vizuri kiasi gani. Mtoto wa miaka kumi na minne ndiye mwenye haki zaidi ya kukasirika, kwa sababu umri huo kila kitu ni aibu. Walimu wenye busara wamejiwekea kanuni: mhusika anasomewa kwanza, na akikataa, karatasi inabaki kwenye droo. Kuhusu wanafunzi ni kali zaidi. Jina halitajwi, na yale aliyoyasema mtoto kwa siri hayaandikwi kabisa. Anayeona kanuni hizo zinambana ajaribu kujiweka upande wa pili wa karatasi.

Faida inaonekana darasani Septemba. Aliyehangaika nusu saa na ukurasa mtupu mwezi Julai hamwambii tena mtoto "andika tu, ni rahisi." Wengine wameiacha kabisa ile mada ya likizo, na sababu yao ni nzito. Katika darasa moja kuna aliyepelekwa ufukweni na kuna aliyefungiwa ndani miezi miwili akilea wadogo zake kwa sababu mama anafanya kazi zamu mbili. Ukiwaamuru wote waeleze walikokwenda, umemlazimisha wa pili achague kati ya uongo na aibu. Badala yake wanaomba dakika moja tu, mahali popote: ulipopika uji ukaungua, ulipomsuka mdogo wako, mvua ilipopiga bati. Kwa mada hiyo mtoto aliyebaki nyumbani ana mengi kuliko aliyesafiri, maana yeye nyumba anaijua.

Yule mtoto wa bibi wa kubuni na ng'ombe watatu yupo pia Tabora na Kakamega. Na mwalimu wake, Juni akiwa shambani au Desemba akiwa safarini kwenda kusahihisha mitihani ya taifa, ana dakika zake za aina hiyohiyo. Makundi ya simu ya walimu hayakosi matangazo ya vikao, salamu za rambirambi na picha za harusi. Aya mbili za mwenzao kuhusu jioni yake hazingejaza nafasi kubwa. Haihitaji bajeti ya wizara. Daftari la kurasa 96 linatosha likizo mbili.

Kufikia wiki ya mwisho ya Agosti, vipande vya walimu wa Marekani hubadilika harufu. Nyanya zimekwisha, zinaingia gundi na karatasi za rangi. Maduka yameshapanga madaftari mbele tangu Julai, na walimu wananunua vifaa vya darasa kwa fedha zao. Desturi hiyo imeenea kiasi kwamba sheria ya kodi inawaruhusu, tangu 2002, kupunguza sehemu ya gharama hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kilikuwa kiwango cha dola 250 kwa mwaka, kikapandishwa hadi 300 mwaka 2022. Usiku wanakata herufi za kubandika ukutani, wanaandika majina mapya kwenye vibao vya madawati, na kuyatamka kwa sauti ya chini mmoja mmoja ili siku ya kwanza wasije wakayakosea. Watoto wao wenyewe wamekaa sakafuni pembeni, wakisaidia kukata.