Sheria ya mshahara isitue katikati ya mwezi

Desemba 2024 waajiri wengi nchini Kenya walilipa mishahara kabla ya Krismasi, kama ilivyo desturi. Tarehe 27, watu wakiwa ushago, Sheria ya Marekebisho ya Kodi ikaanza kazi. Makato ya afya na ya nyumba yakawa yanatolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa, na Mamlaka ya Mapato (KRA) ikataka hesabu hiyo itumike kwa mishahara ya Desemba hiyo hiyo. Aliyelipa mapema, ambaye kwa kawaida ndiye mwajiri mwema, akarudi Januari kufumua hesabu alizokwisha kufunga.

Mabadiliko yenyewe yalimpa mfanyakazi nafuu, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni tarehe.

Tazama ada ya nyumba: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi, na mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho. Rais alitia saini Sheria ya Fedha Juni 26, 2023, ada ianze Julai 1. Mahakama Kuu ikaizuia sheria kabla haijaanza. Mwishoni mwa Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, na Agosti waajiri wakaambiwa makato yahesabiwe tangu Julai 1, wakati mishahara ya Julai ilikuwa imeshaliwa. Novemba, Mahakama Kuu ikaamua kwamba ada hiyo inakiuka Katiba, lakini ikaruhusu ikatwe kwa muda. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo. Kisha Machi 19 ikatiwa saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na makato yakarudi mwezi ukiwa umebakiza siku 12.

Kampuni kubwa ina wakili wa kufuatilia haya yote. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kongowea, mwenye vijana sita, anategemea ujumbe uliosambazwa kwa WhatsApp, na mara nyingi ujumbe wenyewe ni wa mwaka jana.

Mambo yanaweza kufanywa kwa njia nyingine. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ya 2013 ilikwama mahakamani karibu miaka kumi, lakini ilipoanza kutekelezwa Februari 2023, ngazi zake zilijulikana mapema: kila Februari kiwango kinapanda. Februari 2025 mchango wa juu kabisa wa mfanyakazi uliruka kutoka shilingi 2,160 hadi 4,320, na mwajiri akatakiwa kuongeza kiasi sawa na hicho. Kwa watu ambao kabla ya ngazi hizo walizoea kukatwa shilingi 200, hilo lilichoma. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusema amevamiwa.

Tunataka hivyo kwa makato yote. Sheria yoyote inayogusa mshahara ianze siku ya kwanza ya mwezi, angalau miezi miwili kamili baada ya kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nazo KRA, NSSF na Mamlaka ya Afya ya Jamii zitoe tangazo moja la pamoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, lenye mfano wa hesabu wa mtu anayepata shilingi 30,000.

Baada ya kusema hayo, tusiwabembeleze waajiri. Wapo wanaolalamika kwamba sheria hazieleweki huku wakimkata mfanyakazi kila mwezi na fedha haziwasilishwi. Huko si kutojua. Mfanyakazi huja kugundua akiwa dirishani hospitalini, mtoto mgongoni, kwamba asilimia 2.75 ya mshahara wake, iliyokatwa kwa ajili ya afya, haikufika popote. Sheria ya nyumba inatoza asilimia 3 kwa kila mwezi wa kuchelewesha ada yake, na KRA ikiwatoza wa aina hii bila huruma hatutawatetea.

Tena kuna waajiri wasiojijua kuwa ni waajiri. Mei Mosi 2024 Rais William Ruto alitangaza jukwaani nyongeza ya asilimia 6 kwa kima cha chini cha mshahara. Nyongeza ikapata nguvu ya kisheria Novemba 1. Tangu siku hiyo, mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, Mombasa au Kisumu alistahili shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ni nyumba ngapi zilibadilisha malipo Novemba ile? Watu wanaopiga kelele zaidi kuhusu makato yao ofisini ndio hao hao wanaomlipa dada wa kazi nusu ya kiasi hicho, bila mkataba na bila siku ya mapumziko.

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa na husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kila biashara, hata ya watu watano, imteue mtu mmoja wa kulipitia kila wiki na kuuliza panapotatiza kabla ya kukokotoa mishahara. Jumbe za kusambazwa zisipewe kazi hiyo.

Wabunge nao wana nafasi yao kila mwaka. Muswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia Aprili 30, kwa kawaida husainiwa Juni ikielekea ukingoni, na sehemu yake kubwa huanza Julai 1. Utakapokuja tena, kabla ya kubishana juu ya viwango, waanze na kifungu cha tarehe ya kuanza.